Dada wa Chuoni



Herufi zangu za kwanza sikufundishwa na mwalimu. Nilifundishwa na msichana wa miaka 12 hivi, chuoni, yaani chuo cha Kurani, hapa hapa Pwani. Tulikaa mkekani watoto wa kila umri: wa alifu na bee, wa juzuu ya Amma, na waliokaribia kuhitimu. Mwalimu mmoja, sisi zaidi ya 40. Akishawasomesha wakubwa, kila mkubwa alikabidhiwa wadogo wake.

Dada yule alikuwa mzito wa kusoma. Haa na ain, zile herufi za kooni, zilimshinda, na wenzake walimcheka. Mwalimu akampa sisi. Ili atutamkishe haa, ilimbidi aitamke kwanza yeye, mara 20 kwa siku, na mwalimu akimsikiliza kwa mbali, akimrekebisha kana kwamba anaturekebisha sisi. Siri hiyo niliitambua miaka mingi baadaye, nilipoanza kusomesha mwenyewe.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mzazi mmoja aliyeniambia anataka kumhamisha mwanawe. Shule ya kijijini kwao ina walimu wachache, kwa hiyo darasa la tatu na la nne wanakaa chumba kimoja. Mwanawe yuko la nne, na mzazi anaogopa wadogo watamrudisha mtoto nyuma.

Hofu yake naielewa. Lakini mkubwa naye anaweza kuvuna, hata yule anayesuasua. Mtoto wa la nne ambaye kugawanya hakujamkaa kichwani, ukimrudisha la tatu utamvunja moyo. Mwambie amweleze mdogo wake namna ya kugawanya: atalirudia somo lile lile, na heshima yake anayo.

Nchini Colombia walilijenga jambo hili kwa makini tangu katikati ya miaka ya 1970. Vicky Colbert na wenzake walikuta shule za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili kwa madarasa yote. Waliandaa vitabu ambavyo mtoto huvifuata kwa mwendo wake, peke yake au na wenzake, wakawafunza walimu kuongoza makundi. Shule hizo wakaziita Escuela Nueva, yaani Shule Mpya. Utafiti wa UNESCO wa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika Amerika ya Kilatini ulikuta wanafunzi wa vijijini Colombia wakiwapita wa mijini, isipokuwa wa majiji makubwa.

Vitabu na mafunzo, msikilizaji, hapo ndipo penye kazi. Mwalimu aliyeandaliwa kwa darasa moja tu, ukimpa mawili, atasomesha la tatu huku la nne wakinakili ubaoni. Hao wamewekwa pamoja tu, hawajasomeshwa pamoja. Na asipokuwa macho, wakubwa watawageuza wadogo watumwa wa kuwachotea maji.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujamhamisha, omba ruhusa ukae darasani asubuhi moja. Watazame la nne wakati mwalimu amewageukia la tatu. Ukimwona mwanao ameinamia daftari la mdogo, anamwonyesha kwa kidole, mwache hapo hapo. Ukimkuta ananakili tu, kimya, nenda kwa mwalimu mkuu, umuulize la nne wamepangiwa kazi gani kwa saa ile.