Likizo ya Juni kwa Bibi na Babu, Lusewa
Likizo ya Juni inapowapeleka watoto wa mjini Lusewa, katika Wilaya ya Namtumbo iliyomegwa kutoka Songea, huwakuta bibi na babu katika majira ya kipupwe, yaani miezi ya baridi na ukavu inayofuata masika, wakati mahindi yanavunwa na jioni familia huota moto jikoni. Hapo ndipo utani, yaani mzaha ulioruhusiwa na mila kati ya babu na mjukuu, humfundisha mtoto lugha na ukoo kuliko daftari lolote, kwani bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" naye hujibu bila kuogopa.

Hata hivyo, jikoni humo kuna hatari kwa mgeni mdogo: mafiga, yaani mawe matatu yanayobeba chungu, hayana kizuizi, na mtoto wa miaka miwili aliyezoea jiko la gesi juu ya meza hunyoosha mkono kwenye uji unaotokota. Vilevile, chandarua chenye dawa, ambacho wazazi wengi hukisahau (baridi huwadanganya kwamba mbu wamekwisha), kinapaswa kufungashwa pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu malaria huwaelemea zaidi walio chini ya miaka 5.