Picha za Tiba ya Nyuklia katika Uchunguzi wa Vinundu vya Tezi ya Thairoidi Visivyo vya Saratani

Utangulizi



Rovu si ugonjwa mgeni kwetu. Katika nyanda za juu, ambako udongo una upungufu wa madini joto, limesumbua watu vizazi kwa vizazi. Chumvi yenye madini joto imeenea tangu miaka ya 1990, lakini wagonjwa wenye vinundu vya siku nyingi bado wanafika kliniki. Wengi wao hawana saratani.

Hoja ya mada hii ni moja: picha ya nyuklia huonyesha kazi ya kinundu, haionyeshi aina ya seli zake. Tukiitaka itoe jibu lisilo lake, tutamfikisha mgonjwa kwenye kisu bila sababu.

Picha inavyopatikana

Mgonjwa huchomwa mshipani teknesiamu-99m, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Seli za tezi huivuta kupitia mlango uleule wa madini joto, na baada ya dakika 20 hivi kamera ya gama hupiga picha. Teknesiamu huvutwa tu. Haigeuzwi kuwa homoni. Kwa hiyo vinundu vichache vinavyoonekana kuivuta vizuri huwa baridi vikipimwa kwa ayodini-123.

Kusoma picha

Kinundu moto huvuta dawa kuliko sehemu nyingine za tezi. Kikizalisha homoni bila kungoja amri ya TSH (homoni inayoichochea tezi), kiwango cha TSH hushuka, na tezi iliyobaki huweza kulala hata isionekane pichani. Ni nadra kinundu cha namna hii kuwa na saratani, hivyo kwa kawaida hakihitaji kuchomwa sindano ya sampuli. Tiba yake huwa ayodini-131 au upasuaji, kulingana na ukubwa wa kinundu na hali ya mgonjwa.

Kinundu baridi hakivuti dawa. Hapa ndipo hofu isiyo na msingi huzaliwa. Zaidi ya vinane kati ya kumi si saratani: ni vifuko vya maji, vinundu vya koloidi au adenoma. Neno "baridi" kwenye ripoti ni sababu ya kuendelea na uchunguzi, wala si hukumu.

Picha husaidia pia pale tezi nzima inapokosa kuvuta dawa ilhali homoni zimezidi damuni. Mara nyingi huo ni uvimbe wa muda wa tezi, na kabimazoli, dawa ya kuzuia tezi kutengeneza homoni, haitamfaa mgonjwa huyo.

Utaratibu wa uchunguzi

Tuanze na TSH. Ikiwa chini, picha ya nyuklia ina kazi ya kufanya. Ikiwa ya kawaida au juu, altrasaundi itangulie, na sura na ukubwa wa kinundu viamue kuhusu sindano. Kwa rovu lenye vinundu vingi na TSH ya chini, picha zote mbili zisomwe pamoja, ili sindano ielekezwe kwenye kinundu baridi chenye dalili za mashaka. Tukumbuke kwamba kinundu chini ya sentimita 1 huweza kutoonekana.

Kabla ya kipimo, mgonjwa aulizwe kuhusu ujauzito, kunyonyesha, vidonge vya thairoksini, amiodaroni, na picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha. Madini joto yaliyomo katika dawa hiyo huweza kuzuia tezi kuvuta kwa wiki kadhaa.

Mapendekezo

Kamera za gama katika ukanda wetu ni chache, na majenereta ya teknesiamu huagizwa kutoka nje huku molibdenamu iliyomo ikipungua kwa nusu kila saa 66. Kila kipimo kisicho cha lazima humnyima nafasi mgonjwa anayekihitaji. Kwa hiyo napendekeza:

1. Fomu ya maombi isipokelewe bila jibu la TSH, isipokuwa kwa sababu maalumu iliyoandikwa.
2. Msomaji wa picha apatiwe altrasaundi ya mgonjwa.
3. Ripoti ya kinundu baridi ieleze hatua inayofuata.
4. Mgonjwa aelezwe maana ya majibu kwa lugha anayoielewa kabla ya kuzungumziwa upasuaji.