Ng'ambo kwa miguu na baiskeli

Msikilizaji, ukitaka kuijua Ng'ambo ya Unguja, anzia Darajani saa kumi alasiri, jua likishapungua ukali. Hapa palikuwa na hori la bahari. Limefukiwa, sasa ni barabara ya magari, kwa hiyo vuka kwa uangalifu. Mbele yako yapo majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa usaidizi wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Ni marefu, hata kwa baiskeli utayachoka. Mimi napendelea vichochoro vya nyuma yake. Humo shuka, uikokote baiskeli, maana watu wamekaa barazani na miguu yao iko njiani. Toa salamu, wala usimpige mtu picha bila ruhusa. Ukipotea, muulize muuza kahawa.