Haki ya Chakula na Maghala Yetu
Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa Kuadhimisha Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Tumetakiwa tuseme machache juu ya ushirikiano wa mataifa katika kuondoa njaa. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, mkulima wa Mkata au wa Magoma ana haja gani na mikutano ya Roma? Twaomba mtusikilize, maana jambo hili lilianza kutuumiza sisi kabla mikutano hiyo haijakuwako.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia Uzigua. Watu wakateremka pwani kutafuta chakula. Wako waliojiweka rehani, wao na watoto wao, na mwisho wake wakauzwa utumwani, wakachukuliwa kwa majahazi mpaka pwani ya Benadir, huko Somalia. Waliofanikiwa kutoroka walijenga vijiji kando ya Mto Juba, nao hawakuisahau lugha ya Kizigua. Vita vya mwaka 1991 vikawafukuza wazao wao. Baadhi yao walipokelewa humu humu Handeni, wakapewa makazi ya Chogo kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na Serikali ikawapa wengi uraia. Njaa ya misimu michache ilichukua zaidi ya miaka 150 kupata dawa, tena kwa wachache tu.

Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, na nchi yetu ikajiunga nao mwaka 1976. Kifungu cha 11 chasema kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kwamba mataifa, kila moja peke yake na kwa kushirikiana, yaboreshe njia za kulima, kuhifadhi na kugawa chakula. Kuhifadhi, Mabwana! Neno hilo limetajwa pamoja na kulima, ingawa sisi hupenda kusemea jembe tu.

Ushirikiano wenyewe una mazuri na mabaya yake. Dumuzi, huyu anayegeuza mahindi kuwa unga kabla ya mashine, asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake. Aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wanadhani aliingia na mahindi kutoka ng'ambo. Hakupita forodhani. Lakini mfuko wa kinga njaa nao ni mgeni: ulibuniwa Kamerun kwa ajili ya kunde, kwa kazi ya wataalamu wa huko pamoja na wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Una mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Hewa ikiisha, wadudu hufa bila dawa. Sharti nafaka iwe imekauka vema, na mfuko usitoboke.

Sasa tuseme ya kwetu. Mahindi ya masika tunayauza mwezi wa Agosti, bei ikiwa chini, na mwezi wa Februari tunayanunua yale yale kwa bei ya juu. Hatumlaumu mtu, ada ya shule haingoji bei. Serikali inayo akiba chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, lakini akiba hiyo ni ya nchi nzima, na barabara ya Kwamsisi wakati wa mvua mnaijua.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwamba katika kila magunia 10 yatakayoletwa, gunia 1 libaki katika ghala la chama cha msingi mpaka mavuno ya vuli yajulikane. Mwenye mali atapewa stakabadhi, ambayo kwa sheria ya mwaka 2005 yaweza kuwekwa dhamana benki. Vuli ikikosa, gunia litarudi kwa mwenyewe. Ikifaulu, litauzwa naye atalipwa.

Wajumbe wa Mombo wameuliza kama mpunga nao umo. Umo, ila tutapima kwa kilo, kwa kuwa magunia yao, kwa lumbesa tulizoziona, hayalingani hata mawili. Kura itapigwa alasiri hii, mara hesabu zikishasomwa.