BAHASHA ZETU ZA ZABIBU
Hotuba ya Mwenyekiti kwa wanachama na wageni katika maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tunawakumbuka na wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Fedha zao tulizikabidhi kwa watoto wao bila kupungua hata shilingi, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kikundi hiki kinajivunia.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama wachache na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Mwaka uliofuata, 2016, Serikali ikatangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, baada ya uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu mwaka 1973. Mwaka 2018 Dodoma ikawa Jiji. Watu waliongezeka, ofisi ziliongezeka, na chai ya saa nne ikawa na wanywaji wengi kuliko tulivyozoea. Hapo ndipo biashara ya vitafunwa ilipopata uhai, na hapo ndipo zilipozaliwa hizi bahasha ambazo wageni wetu mmeonjeshwa asubuhi hii.

Leo hatutazungumza habari nyingi. Tutazungumza juu ya bahasha tu, namna inavyopikwa na namna inavyohesabiwa, kwa sababu mchana huu wanachama tutapiga kura, na kura yenyewe inahusu bahasha.

BAHASHA NI NINI

Kwa wale wasiozifahamu, ni pai ndogo bapa, ina pembe nne, imefungwa pande zote, na ndani yake kuna jamu ya zabibu au karanga. Wateja ndio walioipa jina la bahasha kwa jinsi ilivyo, na sisi tukalipokea.

Kitu cha namna hii si kigeni duniani. Binti zetu waliosoma walitusimulia kwamba huko Marekani mwaka 1964 kampuni ya Kellogg's ilianza kuuza vipai bapa vya jamu vinavyoitwa Pop-Tarts. Mtu anavipasha kwenye tosta asubuhi, anakula, anakwenda kazini. Siri yao ilikuwa kwamba kilichowekwa ndani kilikuwa kikavu kiasi cha kukaa kabatini bila friji. Sisi hatuna kiwanda, na wengi wetu hatuna tosta. Lakini siri hiyo ni moja na ya kwetu. Jamu ikiwa na maji, bahasha inavuja, inalowa, na kesho yake huwezi kumpa mtu kwa fedha yake.

UNGA

Kipimo chetu ni hiki, wenye daftari waandike. Unga wa ngano kilo 1. Mafuta ya mgando nusu kilo. Chumvi vijiko vya chai 2. Sukari vijiko vikubwa 3. Maji baridi kama glasi moja, na usiyamwage yote kwa mpigo.

Mafuta lazima yawe yameganda. Unayakata vipande, unayasugua ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga za mkate. Usitumie kiganja, maana kiganja kina joto na kitayayeyusha. Vile vichenga vya mafuta ndivyo vinavyoyeyuka wakati wa kuoka na kuacha nafasi, na nafasi hizo ndizo zinazofanya pai imumunyike mdomoni. Ukikanda kama unakanda chapati utapata kitu kigumu kama soli ya kiatu.

Wapo wanaouliza, kwa nini tusitumie mafuta ya alizeti, na sisi Dodoma na Singida ndio wenye alizeti? Tunayapenda na tunayapikia nyumbani. Lakini hayagandi, yanaingia kwenye unga wote mara moja, na ukoko unatoka wa kuvunjika vunjika usio na tabaka. Samli safi ya ng'ombe wa Kigogo, ikiwa imeganda, inafaa sana. Mkiipata kwa bei nzuri changanyeni nusu kwa nusu na mafuta ya dukani, harufu yake inauza yenyewe.

Nchi yetu hii ni kavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na upepo wa mwezi wa saba na wa nane mnaujua. Donge likiachwa wazi kwa muda wa kuvuta maji bombani, linapasuka ngozi. Kwa hiyo lifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, lipumzike nusu saa mahali penye ubaridi. Tena tunaoka alfajiri, kuanzia saa 11, kwa sababu wakati ule hewa ya Dodoma ni baridi na ndiyo friji yetu.

VYA KUJAZA

Zabibu tunazinunua kwa wanachama wetu wenyewe wenye mashamba, wa upande wa Hombolo na Mpunguzi. Mzabibu uliletwa Dodoma na wamisionari, na leo ndiyo mali ya mkoa huu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Sasa wote mnajua yanayotokea. Zabibu zikiiva zinaiva zote pamoja, wanunuzi wanakuwa wachache, bei inaanguka, na zabibu haisubiri. Jamani, mama aliyelima mwaka mzima anauza kwa machozi. Jamu ndiyo njia yetu ya kuifanya zabibu isubiri.

Zabibu kilo 2, zilizoiva lakini hazijaoza hata moja. Zichemshe kwa maji kidogo mpaka zipasuke, zipitishe kwenye chujio ili mbegu na maganda yabaki. Rudisha jikoni na sukari kilo 1 na maji ya malimao 2. Koroga kwa mwiko. Ili kujua kama imeiva, dondosha tone kwenye sahani baridi, kisha pitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi, imeiva. Ile ya kupaka mkate unaweza kuiepua hapo. Ile ya bahasha endelea kidogo, mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Itie kwenye chupa zilizochemshwa, funga ingali moto. Nasi tunakuwa na jamu mpaka mavuno mengine.

Karanga nazo ni za kwetu. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, na mwaka 1951 mpango ule ulikuwa umekufa kwa ukame na ugumu wa udongo. Lakini karanga ya jembe la mkono la mama haijafa. Tunaikaanga, tunaitwanga na sukari na chumvi kidogo. Ila hapa tunasema kwa ukali. Karanga yenye ukungu, iliyokunjamana au iliyobadilika rangi haiingii kwenye kinu chetu. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyo huingia kwenye karanga pia. Moto wa jikoni hauimalizi. Karanga ya kutupa itupwe kabisa, asipewe hata kuku.

KUFUNGA NA KUOKA

Sukuma donge liwe na unene kama wa sarafu mbili zilizopangwa. Kata vipande vya sentimita 8 kwa 12. Kipande cha chini weka kijiko kikubwa kimoja cha jamu iliyopoa, acha ukingo wa upana wa kidole. Pakaza maji ukingoni, funika kwa kipande cha pili, bana pande zote kwa uma. Toboa juu mara tatu ili mvuke utoke, la sivyo utatokea ubavuni na jamu itaufuata. Paka yai. Kilo moja ya unga inatoa bahasha 26.

Tanuri letu mpaka leo ni sufuria kubwa yenye mchanga chini, trei ndani, mfuniko juu na makaa juu ya mfuniko. Moto mwingi uwe juu, wa chini uwe mdogo. Kabla ya kuweka, tupia kipande cha karatasi nyeupe ndani. Kikiwa rangi ya chai ya maziwa kwa dakika chache, weka. Kikiungua, punguza makaa. Dakika 20 hadi 25 zinatosha. Ziache zipoe kabisa kabla ya kufungasha. Na mteja anayetaka ya moto, kikaangio kikavu, moto mdogo, dakika mbili kila upande. Tosta yetu ndiyo hiyo.

HESABU

Ndugu zangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hebu tufungue daftari.

Kwa bei tulizonunulia soko la Majengo mwezi uliopita, mkupuo mmoja wa bahasha 26 ulikuwa hivi. Unga 2,000. Mafuta 4,500. Jamu 3,000. Makaa 1,500. Mifuko na karatasi 1,000. Sukari, chumvi na yai 1,000. Jumla shilingi 13,000. Gawanya kwa 26, kila bahasha imetugharimu shilingi 500 kabla mtu hajalipwa senti moja.

Mteja anasema, andazi ni mia mbili, nipunguzie, nipe kwa mia tano. Anaomba kwa adabu, naye ni jirani. Lakini akipewa kwa mia tano, yule mama aliyeamka saa kumi na moja amefanya kazi ya bure, na huruma yake imelipwa na watoto wake. Ndiyo maana bei yetu ni 700, na tunaomba isishushwe na mwanachama yeyote kwa siri. Unga na makaa kila mtu anavihesabu. Mikono ya mama ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu tumezoea nyumbani kwamba haina bei. Katika kikundi hiki ina bei.

KURA YA LEO

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Wanachama tuna mawazo mawili, na wote wanaosema wanasema kwa mapenzi ya kikundi.

Wa kwanza wanataka mgao wa mwaka huu usimamishwe, hisa zibaki, tununue tanuri la gesi. Hoja yao ina nguvu. Serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mkaa unapanda bei, moshi unatuumiza macho na kifua, na sufuria inaoka mkupuo mmoja kwa wakati.

Wa pili wanataka mgao kama kawaida. Nao wana hoja. Wapo akina mama humu ambao mgao ndio ada, sare na madaftari ya Januari. Mtoto hawezi kuambiwa asubiri mwaka kwa sababu mama yake amenunua tanuri.

Wapo pia wanaosema tuombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao 4 ni za wanawake. Ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na hauna riba. Ni haki yetu kuuomba. Lakini mkopo usio na riba bado ni deni, na deni linahitaji daftari linaloonyesha litalipwa na nini.

Sisi katika kamati tunapendekeza hivi. Hisa ziheshimiwe, mgao utoke wote kama katiba yetu inavyosema. Tanuri linunuliwe na bahasha yenyewe. Katika zile 200 zinazobaki kwa kila bahasha, 150 ziende kwa waokaji na 50 ziingie sanduku la pembeni. Wakioka akina mama wanne, mkupuo mmoja kila mmoja, ni bahasha 104. Kila mama anaondoka na 3,900 na sanduku linapata 5,200. Kwa siku tatu za wiki ni 15,600. Kwa wiki 50 ni shilingi 780,000. Tanuri tuliloulizia dukani ni 900,000. Maana yake ni kwamba mwaka mmoja na miezi michache tunalo, halina deni, na hakuna mtoto aliyekosa sare. Na kama mbele tutataka la pili, kubwa zaidi, tutakwenda halmashauri na daftari la mwaka mzima mkononi.

Kazi yetu kamati ni kupendekeza. Kuamua ni kazi yenu, kwa kura ya siri, mwenye hisa moja na mwenye hisa ishirini wote kura moja. Atakayeshindwa hoja tutaoka naye kesho alfajiri.

Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja tu. Ofisi zenye vikao vya chai zituagize, kwa bei yetu, na zitulipe siku ile ile.

Tunawatakia maadhimisho mema. Bahasha zilizobaki ziko meza ya mlangoni, ni 700.