Mali Kauli na Daftari: Uhusiano na Mazoea Mema katika Duka Dogo la Bonde la Kilombero

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wageni, siku ya maadhimisho ya hekalu letu)

 

Kamati imetutaka sisi tunaofanya biashara Ifakara na katika vijiji vya Bonde la Kilombero tuseme machache juu ya duka dogo: namna linavyojenga uhusiano na watu, na mazoea yanayolifanya lisimame. Elimu yetu wengi ni ya sekondari, na shule yetu ya pili imekuwa kaunta. Kwa hiyo tutasema yale tuliyoyafanyia kazi.

Jambo letu ni moja. Uhusiano mwema katika biashara hauletwi na maneno matamu wala na chai ya bure. Huletwa na mazoea madogo yanayorudiwa kila siku, mpaka mtu mwingine aweze kuyategemea bila kuuliza.

Tuanze na lugha yenyewe, kwa maana lugha hutunza historia. Maneno bima, hundi, laki na gari yamekuja katika Kiswahili kutoka Bara Hindi, yakavuka bahari pamoja na wafanyabiashara. Hundi ni karatasi ya kumwamini mtu aliye mbali. Bima ni ahadi juu ya siku usiyoijua. Nasi kwa upande wetu tumejifunza kutoka kwa Waswahili neno ambalo hatujaona lililo bora kuliko hilo katika biashara, nalo ni mali kauli. Bidhaa inatoka dukani, fedha haijaingia, na kilichobaki kati ya watu wawili ni kauli tu. Lakini Waswahili hao hao wana methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiyaweka mawili hayo pamoja, kauli na daftari, tumekwisha kutaja nguzo mbili za duka.

Bonde letu limelazimisha watu kuaminiana. Upande mmoja ni milima ya Udzungwa, upande wa pili ni vilima vya Mahenge, na katikati ni mto na tambarare ambayo masika huigeuza kuwa ziwa. Kabla ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, bidhaa zilifika kwa malori katika barabara ya udongo. Aliyekwenda Mahenge alivuka kwa kivuko, na maji yalipojaa, mzigo ulilala ukingoni ukisubiri. Hali hiyo iliendelea hata baada ya reli kuja, mpaka lilipopatikana daraja lililozinduliwa rasmi mwaka 2018, ambalo leo tunaliita Daraja la Magufuli. Katika miaka hiyo yote mwenye duka hakuweza kuishi kwa fedha zake peke yake. Alimhitaji dereva, mpakuzi, mwendesha mtumbwi wa Kindamba aliyeujua mto, na mama wa kijijini aliyekubali kumhifadhia magunia usiku mmoja.

Wenye umri wetu wanaikumbuka pia miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni, sukari na chumvi vilipoadimika, na mwaka 1983 Serikali ilipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Katika nyakati za namna hiyo jina la duka huwa na uzito kuliko rafu zake. Jirani anayejua kwamba sukari kidogo iliyofika iligawanywa kwa haki ndiye shahidi wako, na ushahidi huo haununuliwi siku ya shida. Huwekwa akiba siku za neema.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Bonde letu linaishi kwa mpunga. Mkulima hupanda mvua zinapokolea, aghalabu kati ya Desemba na Februari, na huvuna kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Katikati hapo kuna miezi ambayo ghala lake ni tupu, watoto wanahitaji madaftari, na shamba linahitaji palizi na mbolea. Katika miezi hiyo mkulima huja dukani na kusema, “Niandikie.” Neno hilo moja ndilo linalopima duka ni la namna gani.

Kuna njia mbili za kumwandikia. Tuchukue mfano. Mkulima anahitaji vitu vya shilingi 120,000 mwezi wa pili. Njia ya kwanza ni kumwambia alipe kwa mpunga ulio bado shambani, gunia likihesabiwa shilingi 30,000 kwa sababu ana njaa. Wakati wa mavuno anatoa magunia manne. Tuseme gunia siku hiyo lina thamani ya shilingi 60,000. Mwenye duka amepata shilingi 240,000 kwa bidhaa za 120,000. Njia ya pili ni kuandika deni kwa shilingi, kwa bei ile ile ya mnunuzi wa taslimu, pamoja na nyongeza ndogo inayotajwa waziwazi siku ya kukopa, tuseme shilingi 6,000. Mkulima hulipa fedha au mpunga, lakini mpunga huhesabiwa kwa bei ya siku ya kulipa.

Kijana mwenye haraka atasema njia ya kwanza ndiyo biashara. Tumwombe apige hesabu hadi mwisho. Mkulima wa njia ya kwanza mwakani atakwenda duka jingine, au atauza mpunga wake usiku kabla hujafika. Kukopa harusi, kulipa matanga; naye hatasahau nani alimwandalia matanga hayo. Mkulima wa njia ya pili hurudi. Akinunua vitu vya shilingi 20,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 240,000, na kwa miaka ishirini ni 4,800,000. Ukibakiwa na shilingi moja katika kila kumi, umepata 480,000, yaani mara nne ya faida ya ile njia ya kwanza. Na hapo hatujamhesabu mwanawe ambaye naye atakuja kununua, wala shemeji yake atakayeletwa na sifa. Wema huo una hesabu ndani yake, na hatuoni haya kuutaja kwa tarakimu.

Lakini njia ya pili haiwezekani bila mazoea. Tutataja matano.

La kwanza ni kuandika papo hapo na kufunga daftari jioni ile ile. Wazee wetu walikuwa na rojmel, daftari la kila siku, na khatavahi, daftari la kila mteja. Hawakulala kabla ya mawili hayo kupatana. Mkopaji naye apewe nakala yake, isomwe mbele yake, na asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini. Siku hizi fedha nyingi hupita katika simu na ujumbe hubaki humo. Hata hivyo simu hupotea, huibiwa, na huzimika. Daftari lenye kurasa mbili zinazofanana, moja kwako na moja kwake, huzuia ugomvi ambao urafiki wa miaka kumi usingeweza kuuzuia.

La pili ni mizani iliyo wazi. Sote tunaijua lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu ili mnunuzi abebe zaidi ya alicholipia. Sheria ya Vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo wana wajibu wa kuisimamia. Lakini msisubiri mkaguzi. Iwekeni mizani mahali mkulima anapoweza kuisoma kwa macho yake, na mumwachie aguse jiwe la uzani akitaka. Debe nalo liwe debe, lisilobonyezwa ubavuni. Mtu anayepunjwa kilo mbili hasemi kitu dukani; husema kijijini.

La tatu ni kutenganisha mfuko wa nyumba na droo ya duka. Mwenye duka ajiandikie posho kama mtumishi mwingine yeyote, na akichukua sukari ya nyumbani aiandike. Duka dogo haliuawi na wezi wa usiku mara nyingi kama linavyouawa na mikono ya wenyewe mchana.

La nne ni kumwarifu unayemdai au anayekudai kabla ya siku, si baada yake. Ahadi ni deni. Mwenye duka la jumla Morogoro au Dar es Salaam hukasirishwa na kimya kuliko anavyokasirishwa na uchelewesho. Ukiona mvua imeikata barabara na malipo yatachelewa, mpigie siku tatu kabla, umtajie siku nyingine, na hiyo usiivunje. Mkopo wa mfanyabiashara ni jina lake, nalo hujengwa kwa simu ndogo kama hizo.

La tano ni wafanyakazi. Mshahara uwe na tarehe, mkataba uwe wa maandishi, michango ya NSSF ipelekwe, na kijana afundishwe daftari badala ya kubebeshwa magunia tu. Wapo wanaoogopa kwamba aliyefundishwa ataondoka na kufungua duka lake. Na aondoke! Hata katika mji wetu yako maduka yanayoendeshwa vizuri na watu walioanza kwa kufagia na kupanga rafu za wengine. Mtu uliyemfundisha hesabu kwa haki huja kuwa mnunuzi wako wa jumla, na mnapokutana msibani mnakaa mkeka mmoja.

Ndugu zetu, yote haya yanakutana katika sikukuu yetu. Mwaka wetu wa hesabu hufungwa wakati wa Diwali, Oktoba au Novemba. Tunaleta madaftari mapya, tunafanya Chopda Pujan mbele ya Ganesha na Lakshmi, na katika ukurasa wa kwanza tunaandika Shubh na Labh, yaani heri na faida. Hatufungui kazi kamili mpaka siku ya tano ya mwaka mpya, Labh Pancham. Tazameni sasa kalenda ya bonde: wakati huo mpunga umekwisha kuvunwa na kuuzwa, madeni yamelipwa au yamejulikana, na mkulima anaanza kufikiria shamba la mwaka ujao. Desturi iliyotoka Gujarat imeangukia mahali pake barabara katika majira ya Kilombero. Kwa hiyo tunawaomba vijana wasiifanye kuwa sherehe ya picha tu. Kabla ya pooja, hesabuni mali iliyomo dukani, kitu kwa kitu. Pitieni jina la kila mdaiwa. Aliyeunguliwa na nyumba au aliyekokwa shamba na mafuriko, kaeni naye, mpange upya au msamehe, kisha deni hilo lisihamie daftari jipya. Na kumbukeni mpangilio wa maneno yale mawili: heri huandikwa kwanza, faida baadaye.

Kuna neno moja zito, na siku kama hii hatuna budi kulisema. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na sheria ya majengo ya mwaka 1971, jamaa zetu wengi waliondoka katika miji midogo. Leo vijana wetu wanasoma Dar es Salaam, wengine wako Uingereza na Kanada, na nyumba zetu katika bonde ni chache. Pia tumesikia ikisemwa kwamba sisi tunaishi nyuma ya kaunta na hatutoki. Hatutalijibu neno hilo kwa hasira. Tutalijibu kwa kuangalia daftari: ni majina ya nani yamo humo, na wanapofiwa tunakwenda? Duka ambalo mwenyewe anajua jina la mteja kwa ajili ya deni lake tu, siku likifungwa hakuna atakayeuliza. Duka lililofundisha watu, likapima kwa haki, likaandika kwa uaminifu, hata mlango wake ukifungwa mazoea yake yataendelea katika maduka mengine, chini ya majina ya Kindamba, Kipogoro, Kikinga na Kichaga. Hayo nayo ni mali yetu.

Nanji Kalidas Mehta, mzaliwa wa upande wa Porbandar mwaka 1887, alianza Uganda kwa duka dogo Busoga kabla ya kujenga kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Sisi hatuna viwanda. Tuna kaunta, mizani na daftari. Lakini ukubwa wowote huanzia katika mambo matatu hayo, na udogo wenye heshima unayatosheka.

 Mungu aibariki nyumba hii ya ibada, alibariki bonde letu kwa mvua ya kiasi, na awape vijana wetu mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kupunja.

 Jai Shri Krishna.