Jicho la Angani na Mikoko ya Rufiji



Tarehe 23 Julai, 1972, Marekani ilirusha Landsat 1, chombo cha kuipiga picha dunia kutoka angani. Wakuu wa mpango walitegemea zaidi kamera za televisheni. Kipimio cha mwanga alichokibuni Bibi Virginia Norwood, mwanafizikia, kilihesabiwa kuwa jaribio tu. Mwezi Agosti kamera zikazimwa kwa hitilafu ya umeme. Kipimio cha Bibi huyo kilifanya kazi hadi 1978!

Kilipokea pia mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Majani mabichi huurudisha mwanga huo kwa wingi, maji huumeza. Ndiyo sababu katika picha za delta ya Rufiji mikoko hutengana waziwazi na mito, na shamba la mpunga lililofyekwa msituni huonekana kama kiraka.

Lakini picha humwonyesha bwana misitu kiraka, haimwonyeshi mkulima. Mpunga hauvumilii chumvi. Hulimwa zaidi kaskazini mwa delta, katika Wilaya ya Kibiti, ambako maji baridi ya mto hufika kwa wingi. Mkulima huyafuata maji hayo, na huko ndiko ilikosimama mikoko. Atalima wapi akikatazwa? Jibu lake hufuatwa kwa mtumbwi, kijiji kwa kijiji, kuanzia Nyamisati.